Mlango wa Abiria

Fundi Mbwana aliupasha moto mlango wa abiria wa gari la mteja, akabandua stika kuukuu polepole. Chini yake ilitokea rangi ya kijani, na maandishi ya mkono: "Mama Zuhura." Aliutambua mwandiko wa mdogo wake, Kombo, aliyetoka na teksi yake miaka sita iliyopita asirudi tena.

"Gari hili umelipata wapi, bwana?"

"Mnadani," mteja alijibu. "Piga msasa, upake nyeupe."

Mbwana aliushika msasa, kisha akauweka chini. "Niwie radhi. Hii ni teksi ya mdogo wangu aliyepotea. Kwanza mkewe aone."

Alimpigia shemeji yake simu. Mama Zuhura alifika mbio, mikono ina unga. Alifungua mlango wenye jina lake, akaketi, akafunga mkanda.