Asali ya Kikohozi

Alfajiri, pua ya dubu ilisukuma ukuta wa hema, ukabonyea hadi karibu na kichwa cha kitinda mimba wetu.

"Mama watoto," mume wangu alininong'oneza, "chakula chote si kiko garini?"

"Chote."

Ndivyo tulivyoonywa langoni mwa mbuga hii ya ughaibuni: chochote chenye harufu kisilale hemani. Lakini baridi ya barafu ya mlimani ilikuwa imemshika mtoto kifua, moyo wa mama ukanishinda, nikamlambisha asali. Kikopo nilikuwa nimekilalia.

Nikagusa midomo yake. Ilinata.

Nikamwinamia, nikaanza kuilamba taratibu, huku pumzi za dubu zikisukuma kitambaa sikioni kwangu.

"Unafanya nini?" baba yake akauliza.

Mtoto alikuwa akivuta ile pumzi ndefu inayotangulia kikohozi.