Mkalimani Haruhusiwi

Baba yangu kiziwi alishika mpira wa breki za upepo za lori, akaeleza kwa ishara kazi ya mpira huo. Nikaanza kumtafsiria mtahini. Ngano ilikuwa imekauka shambani, tayari kuvunwa, na bila leseni ya lori haiendi popote.

"Nyamaza, binti," akasema mtahini, Bwana Lyle. "Hapa Kansas sasa tunafuata sheria ya serikali kuu, ya Washington. Mkalimani haruhusiwi. Ukitafsiri tena, amefeli."

"Basi mwambie mwenyewe."

"Lugha ya ishara siijui."

"Sasa atajuaje, kwa ndoto?"

Lyle akakuna shingo. "Si umweleze wewe?"

"Nikimweleza, amefeli!"

Vidole vya Baba, vyeusi kwa grisi, vikauliza: huyu anasemaje?

Nikakunja mikono kifuani. "Mjibu, bwana. Anakusubiri wewe."