Nimekusikia, Baba

Viatu vyake vilikuwa vimefichwa vyote, hata ndala za bafuni. Alitafuta uvunguni, nyuma ya mlango, ndani ya pipa la unga. Patupu. Mwalimu mkuu alipoamua jambo, aliliamua mpaka mwisho.

Asubuhi, akifunga tai mbele ya kioo cha sebuleni, alikuwa amesema yote.

"Bango lako limebandikwa mkabala na shule yangu. Walimu wananicheka ofisini, wanafunzi wanakuigiza kwenye foleni. Unanitia aibu."

"Baba, si wanacheka? Nani amekufa kwa kucheka?"

"Mama, sitaki mzaha. Hii nyumba ni yangu. Ukipanda jukwaani leo, utafute pengine pa kulala."

"Nimekusikia, baba."

Kusikia ni kazi ya masikio; kukubali ni jambo jingine. Lakini pengine pa kulala hakuwa napo, na hilo alilijua vizuri.

Mdomo wake haukuwa na breki tangu utotoni. Darasa la tatu alimwigiza mwalimu wa hesabu anavyopiga chafya, darasa zima likaangua kicheko, kumbe mwalimu mwenyewe yuko mlangoni. Akaamriwa kupiga magoti uwanjani. Papo hapo, kwenye magoti, akamwigiza mpiga kengele. Nyumbani wakamwambia mtoto wa kike hachekeshi watu, anapika. Akapika, huku akiwavunja mbavu waliokuja kuomba chumvi. Kisha maisha yakaja na majukumu yake, na kwa muda mrefu wasikilizaji wake wakawa masufuria.

Ni jirani yake, msusi, aliyemburuta mpaka kwenye mgahawa mmoja ambako mtu yeyote aliruhusiwa kushika maiki. Mara ya kwanza hakucheka mtu isipokuwa mpishi, naye alikuwa akicheka na simu yake. Iliuma. Wiki iliyofuata akarudi. Akarudi tena na tena, akiaga nyumbani kwamba anakwenda mazoezi ya kwaya, mpaka meza zikaanza kugombaniwa, watu wakamrekodi, na jina la Breki Sifuri likasambaa simu hadi simu. Leo alikuwa anangojwa kwenye ukumbi mkubwa wa mji, na tiketi zilikuwa zimekwisha.

Eti azuiwe na viatu! Alivuka peku mpaka kwa msusi.

"Amekufukuza?" msusi aliuliza, akimpa viatu vyake vya kutokea.

"Bado. Anasubiri nirudi."

"Na utarudi?"

"Shoga yangu, kwanza niende."

Ukumbi ulimpokea kwa vigelegele. Hakungoja vitulie.

"Kwetu kuna mwanamume," alianza, "akikohoa, hata kuku wanapanga mstari. Nikishika simu tu: 'Unaongea na nani?' Juzi nikamjibu, 'Na mchumba.' Mpaka leo anameza dawa za presha!"

Watu walicheka hadi machozi. Wengine walipiga viti. Alikuwa anavuta pumzi ili aendelee, mlango wa nyuma ulipofunguka na ile tai ikaingia. Mwalimu mkuu alipita katikati ya viti bila kumtazama mtu, akasimama chini ya jukwaa.

"Shuka!" alisema. "Shuka twende nyumbani. Huoni aibu?"

Angeweza kuweka maiki chini, akaomba radhi, na usiku huu akalala kwenye kitanda chake mwenyewe. Aliogopa, tena sana. Lakini mtu aliyepigishwa magoti akaendelea kuchekesha hawezi kunyamazishwa akiwa amesimama. Alisogea hadi ukingoni mwa jukwaa, akaisogeza maiki mdomoni.

"Baba," alisema, "siku nakuzaa, wodi nzima iliniona uchi, wala sikuona aibu. Leo nimevaa gauni hadi visigino, nione aibu ya nini?"