Kibali cha Kereng'ende

Wanyama walipokuwa bado na serikali yao, Tai alishuka kwa kasi kwa mchezo tu, akamvunja Sungura mguu. Basi Kiboko, mkuu wa anga asiyewahi kuruka hata kidogo, akatoa amri: kila mwenye mbawa aombe kibali, na asiyekuwa nacho asiruke juu kupita mgongo wa Kiboko.

Tai hakujali. Kereng'ende, aliyependa kuruka kwa kujifurahisha, ndiye aliyepanga foleni.

"Uzito wako?" Kiboko akauliza.

"Mzee, hata nikikalia jani halitikisiki."

"Njoo kesho."

"Jana uliniambia hivyo hivyo!"

"Na leo nimekwambia tena."

Asubuhi moja mtoto wa Kiboko akapotea kwenye matete. Mama yake alilia mpaka sauti ikamkauka. Kiboko akamkimbilia Kereng'ende.

"Mwanangu, ruka juu umtafute!"

"Kibali changu je, mzee?"

"Kibali gani tena, na mtoto amepotea?"

Kereng'ende akaguna, akaruka. Alimwona mtoto mbali, amechoka, akamwongoza nyumbani huku akitua kila baada ya matete machache ili mdogo apumzike.

Kiboko akamkumbatia mwanawe, kisha akakohoa. "Ahsante. Ila umeruka juu ya matete bila kibali, kwa hiyo nitakutoza faini."

Mama Kiboko akasimama katikati yao.

"Ruka, mwanangu," akamwambia Kereng'ende. "Huyu niachie mimi."