Mayonesi ya Bibi Herminda

"Haya, toka! Unataka ikatike?"

Bibi Herminda alikuwa ameikumbatia blenda kwa mikono miwili. Noelia, mjukuu wake, akachukua kisu akatoka uani kuchuma giligilani. Pale Limache, mji mdogo wa Chile, kila mtu anajua: mayonesi ikitazamwa na asiyeitengeneza, hukatika, mafuta yakaenda huku na maji kule. Noelia anasoma kemia chuoni Valparaíso, na bado hathubutu kubishana na bibi yake juu ya hilo.

Uani banda la kuku lilikuwa tupu. Mlango wazi, majani yameota mpaka ndani. Noelia akageuza uso. Jamani, kila akija Jumapili lazima apite mbele ya banda lile, na kila akipita roho inamsuta.

Maana kosa ni lake. Mwaka jana, kwenye nyama choma ya sikukuu ya uhuru ya Septemba, alisimama mbele ya ukoo mzima akatangaza kwamba kuanzia leo hali tena kitu chochote kilichotoka kwa mnyama. Mjomba Rigoberto alicheka mpaka akapaliwa na divai. Bibi hakucheka. Mwanzoni hakuelewa, akampakulia paja la kuku: "Si umesema huli nyama? Basi hii si nyama, ni kuku." Lakini alipoelewa, alielewa kwelikweli. Kuku wake wote, aliokuwa akiwaita kwa majina, akampa jirani, Don Segundo, ili mjukuu asiwaone akaumia.

Kisha akajifundisha mayonesi ya maziwa ya soya badala ya mayai. Ya kwanza ilikuwa uji. Ya pili ilikuwa uji wenye kitunguu saumu. Siku hiyo bibi alilia, alilia hasa, kwa sababu nyumbani kwake mkate wa jioni bila mayonesi haujawahi kuwekwa mezani. Halafu Jumapili moja ikakubali: nzito, laini, ya manjano kidogo kwa sababu ya haradali. Tangu hapo haijamkatalia hata mara moja.

Na Noelia? Noelia anakula mayai.

Ilianza wakati wa mitihani. Njaa ilikuwa imemshika, mwenzake wa chumbani akakaanga mayai akayatia kwenye mkate wa moto. Mara moja tu, alijiambia. Mara moja gani! Sasa ni kila asubuhi, na kiini kilichomwagika sahanini anakipangusa kwa kipande cha mwisho.

Angeendelea kunyamaza. Lakini Jumapili ijayo bibi anatimiza miaka themanini, na amempigia mjomba Rigoberto kumwambia asilete kondoo wa kuchoma, mtoto atajisikia vibaya. Mjomba akajibu kwamba kama kondoo haji, na yeye haji, wala mkewe, wala watoto wake. Bibi akakata simu. Tangu hapo macho yake ni mekundu, akiulizwa anasema ni vitunguu. Atakaa na mjukuu wake tu kwenye meza ndefu ile, kwa ajili ya imani ambayo mjukuu mwenyewe ameshaitupa. Noelia alijiona takataka.

Don Segundo akaingia uani na kikapu kilichofunikwa kitambaa.

"Shikamoo, Don Segundo. Nikusaidie?"

"Marahaba, mwanangu. Ah, nyanya tu hizi. Nampelekea mwenyewe." Akapitiliza hadi mlango wa jikoni, kichwa chini.

Noelia akatabasamu bila kupenda. Ukoo mzima ulijua kwamba mzee yule anamtaka bibi.

Aliporudi ndani, jirani alikwishaondoka na mayonesi ilikuwa tayari. Bibi akakatakata giligilani akaichanganya kwenye bakuli moja. Bakuli la pili alikwishalitia pilipili iliyokaushwa kwa moshi. Mezani kulikuwa na mkate, nyanya na parachichi.

"Kula, mama. Umekonda."

"Bibi, mpigie mjomba. Mwambie alete kondoo."

"Thubutu! Wasipokuja, shauri yao. Tutakula mimi na wewe na mayonesi yetu. Mtu wangu akiwa na msimamo, mimi niko nyuma yake."

Noelia akaweka mkate chini.

"Bibi, mimi nakula mayai."

"Unasema?"

"Mayai. Kila siku, huko chuoni. Kuku wako umewatoa bure. Umegombana na mwanao bure. Unahangaika na soya kwa ajili ya mwongo." Machozi na kamasi vikamwagika pamoja. "Naona aibu, bibi. Nimekuja kila Jumapili nikakaa hapa nikakutazama machoni."

Bibi Herminda alikuwa akifuta mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa mikavu, na rangi imemtoka usoni. Noelia akainamisha kichwa kungoja matusi. Afadhali matusi.

"Mpigie mjomba wako," bibi akasema hatimaye. "Mwambie alete kondoo wawili."

"Umenisamehe?"

"Nikusamehe nini, we mtoto!" Bibi akavuta kiti akajibwaga, akashusha pumzi ndefu. "Padre mwenyewe amenichoka. Kila Jumamosi nampigia magoti: 'Baba, kesho mjukuu wangu anakuja, naomba nisamehewe mapema, maana nitamtilia tena mayai mawili kwenye mayonesi.'"