Chuma cha Nyongani

Verlin alikuwa amekwisha kulala chali kwenye mashine ya kupiga picha za mgongo, katika hospitali ya wanajeshi wastaafu kule Ohio, ndipo binti aliyeiendesha mashine hiyo akamuuliza, "Mzee, una chuma chochote mwilini? Hii ni sumaku."

"Jeshi linasema sina."

"Na wewe unasemaje?"

Verlin akamshika binti mkono, akauweka kwenye nyonga yake mwenyewe. Chini ya ngozi kulikuwa na kitu kigumu, cha ukubwa wa punje ya mahindi, kikateleza alipokibonyeza. Binti aliuondoa mkono upesi.

"Kipande cha bomu, nimetoka nacho Vietnam," Verlin alisema. "Mwenzangu alinifunga jeraha kwa shati lake tukiwa topeni, kesho yake akafa. Sikuonwa na daktari, basi kwa jeshi sikujeruhiwa. Nishani ya majeruhi nimenyimwa mpaka nimeota mvi. Niingize."

"Sumaku itakivuta, mzee. Kitakuchana nyama."

"Kitachanaje, nacho hakipo?"

"Usinitanie. Shuka, tafadhali."

"Kumbe kipo."

"Kipo. Nimekigusa."

"Wewe hutoshi, binti. Wanataka neno la daktari." Alizikamata kingo za kitanda kwa mikono miwili. "Kamwite. Mwambie kuna mkaidi kalalia mashine yake, na hashuki mpaka aseme kwa kinywa chake kilichomo humu."

"Watu wamejaa nje wanasubiri."

"Wanajeshi?"

"Wote."

"Waambie kwa nini wanasubiri."

Binti alipofungua mlango, sauti ya mzee mwingine ikapenya kutoka kwenye foleni: "Tumesikia. Asishuke."