Dumu la Zamzam

Tangu basi liondoke uwanja wa ndege, Bi Zuwena alikuwa amelipakata dumu lake la zamzam. Hakutaka mtu aliguse. Maji yale aliyatoa hija kwa ajili ya mumewe, Khatibu, aliyemwacha kitandani hajiwezi.

Waliposimama njiani kusali adhuhuri, simu ya kiongozi wa msafara ililia. Akaenda kuipokea nyuma ya basi. Aliporudi akanong'ona na wenzake, na safari ilipoendelea mahujaji wote wakawa wapole. Mama mmoja aliyenuniana na Bi Zuwena tangu Makka akampisha kiti cha dirishani. Mwingine akaanza kumkanda miguu.

"Khatibu anaendeleaje?" Bi Zuwena akauliza.

"Tutafika salama, Hajjati," kiongozi akajibu, macho barabarani.

Bi Zuwena akamtazama kiongozi, akamtazama na yule anayemkanda miguu. Kisha akafungua dumu, akaagiza kila mmoja atoe kikombe chake, akawamiminia mmoja mmoja mpaka likawa tupu.

"Kunyweni," akasema. "Mwenyewe hayahitaji tena."

Basi likazidi kwenda. Kila mtu alikishika kikombe chake kwa mikono miwili, maji yakitikisika, na hakuna aliyekipeleka mdomoni.